Njia Panda ya Isiolo na Nanyuki: Silaha za Kigeni katika Kenya, 1964–1980

Msafiri atokaye soko la Gakoromone, mjini Meru, akishika njia ya kaskazini-magharibi hufika njia panda: mkono wa kulia hushuka Isiolo, wa kushoto hupita Timau hadi Nanyuki. Isiolo ilikuwa lango la Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi iliyodaiwa na Somalia na kupiganiwa katika vita vya shifta, 1963–1967. Nanyuki ni mji wa kambi na ndege za kivita. Hofu ya Isiolo ndiyo iliyoijenga Nanyuki, au ndivyo tulivyozoea kueleza.

Kenya huru haikukosa wachumba. Uingereza ilifunga nayo mapatano ya ulinzi mwaka 1964, na askari wake hufanya mazoezi Nanyuki hata leo. Aprili 1965 meli ya Kisovieti, Fizik Lebedev, ilileta silaha Mombasa. Kenyatta alizikataa, akisema zimechakaa. Uchakavu, kwa maoni yangu, ulikuwa sababu ndogo: mvutano kati yake na Oginga Odinga ulikuwa umekwisha pamba moto. Wasovieti wakaiimarisha Somalia, wakapata bandari ya Berbera. Kenya nayo mwaka 1976 ikaagiza kwa Marekani ndege 12 za F-5.

Hapo ndipo maelezo yetu ya mazoea yanapokwama. Wasovieti walipoiunga mkono Ethiopia katika vita vya Ogaden, Somalia iliwafukuza, Novemba 1977. Juni 1980 Kenya iliiruhusu Marekani kutumia Mombasa, Embakasi na Nanyuki. Agosti mwaka uo huo Somalia ikaipa Berbera. Mahasimu wawili, mfadhili mmoja! Baada ya mapinduzi ya Iran na Wasovieti kuingia Afghanistan mwaka 1979, macho ya Marekani yalikuwa kwenye mafuta ya Ghuba, wala si Isiolo.

Neno “msaada” laficha jambo hili, kwa kuwa lina mtoaji na mpokeaji tu. Kauli ya kutendana ingefaa zaidi: walisaidiana, kila mmoja akimkabili adui wake mwenyewe.

Nairobi yaelekea ililitambua hilo mapema. Mwaka 1979, huku ikikaribiana na Marekani, ilitia sahihi mkataba wa urafiki na ushirikiano na Ethiopia ya Mengistu, iliyokuwa ikipewa silaha na Wasovieti. Kwani Ethiopia, tofauti na Marekani, ilimwogopa jirani yule yule.