Vitesi na Hesabu ya Meno

Hapa Lubumbashi neno "vitesi" lasikika kila siku kwa mafundi wa magari. Limetoka katika Kifaransa, na maana yake ya kwanza ni mbio. Ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa husema "gia", neno walilolipata kwa Waingereza. Jambo ni moja, lakini majina hayalitazami upande mmoja. "Gia" lataja chombo. "Vitesi" lataja mbio. Hapo ndipo penye shida, maana vitesi ya kwanza ina mbio chache kuliko zote.

Sisi tulijifunza hayo katika njia ya Kasenga, juu ya lori la samaki. Tulipokuwa tukiteremka, mzee mmoja akapiga kelele: "Weye mtoto, punguza vitesi!" Kijana aliyeshika usukani alikuwa mwanafunzi bado. Alidhani anaambiwa apunguze mbio tu, akakanyaga breki muda mrefu hata ikapata moto na kulegea. Kumbe mzee alitaka arudi vitesi ya pili, ili injini yenyewe izuie gari. Lori likaishia majanini, samaki wakamwagika, nasi tukatoka na michubuko.

Basi tuhesabu meno. Gurudumu dogo la meno 10 likisukuma kubwa la meno 40, dogo litazunguka mara 4 ndipo kubwa lizunguke mara 1. Mbio zimebaki robo, lakini nguvu ya kuzungusha imekuwa karibu mara nne. Kwenye kinga, yaani baiskeli, ni kinyume: gurudumu kubwa la meno liko penye miguu, dogo liko nyuma. Kwa hiyo yakimbia vizuri tambarare, lakini mchuuzi wa makala mwenye magunia hushuka kilimani akaisukuma kwa mikono.

Ufundi huo ni wa kale sana. Mwaka 1901 chombo kimoja kilitolewa baharini karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, kikiwa na magurudumu ya shaba iliyochanganywa na bati. Kina umri wa miaka 2,000 na zaidi. Gurudumu lake moja lilikuwa na meno 127. Kwa nini 127? Kwa sababu katika miaka 19 mwezi huzunguka kati ya nyota mara 254, na nusu yake ni 127. Aliyekata meno yale aliandika mwendo wa mbingu katika shaba. Na miaka 19 hiyo hiyo Kanisa huitumia katika kutafuta siku ya Pasaka. Baadaye Richard wa Wallingford, abate Mbenediktini wa St Albans, Uingereza, aliyefariki mwaka 1336, alibuni saa kubwa ya magurudumu iliyoonyesha jua na mwezi.

Kwetu mitambo ilikuja kwa wingi reli ya kusini ilipofika mwaka 1910, mji ukiitwa Elisabethville. Kiswahili kilikuwa kimetangulia Katanga pamoja na misafara ya biashara, siku za Msiri. Migodini walikutana watu wa Rhodesia, Kasai na Rwanda, kila mmoja na lugha yake, na taratibu Kiswahili kikakaa katikati yao. Mafundi wajua kwamba gurudumu likiwekwa katikati ya mawili halibadili hesabu ya mbio. Hugeuza tu upande wa mzunguko. Ndivyo lilivyopatwa neno la Kifaransa: lilipita katikati yetu likageuka, hata jina la mbio likawa jina la nguvu ya kupandia kilima.

Walimu wengine wataka tuache "vitesi" tuseme "gia". Hatuoni faida, hilo nalo ni la kuazima. Yule mzee wa Kasenga amepata njia fupi zaidi. Siku hizi, lori likikaribia mteremko, hataji vitesi wala mbio. Husema tu: "Rudisha ya pili."