Transponda ya ndege: majaribio ya ardhini

Transponda ya ndege ni chombo cha redio kinachopokea maswali ya rada, au ya ndege nyingine, kwa megahezi 1030 na kuyajibu kwa megahezi 1090, kikitaja utambulisho na mwinuko wa ndege. Nairobi, kazi ya kuipima hufanyika hasa katika Kiwanja cha Ndege cha Wilson, ambako ndege nyingi ndogo hutunzwa.

Hatari kubwa iko kwenye jaribio la mwinuko. Fundi huunganisha mashine ya kanieneo inayoiga hewa ya juu, na ndege iliyoegeshwa huanza kujitangaza kuwa iko futi 10,000. Ndege inayopita juu ikisikia jibu hilo, mfumo wake wa kuzuia migongano unaweza kumwamuru rubani apande au ashuke kukwepa ndege isiyokuwepo. Kwa hiyo antena, ambayo kwa ndege ndogo aghalabu huwa chini ya tumbo, hufunikwa kwa kifuniko kinachofyonza mawimbi, au mashine ya kupimia transponda huungwa nayo kwa waya moja kwa moja. Kufanya kazi hiyo ndani ya banda pekee hakutoshi.

Anwani ya utambulisho inayotumwa na transponda ya ndege iliyosajiliwa Kenya huanza na 04C. Chombo kikihamishwa kutoka ndege nyingine, anwani ya zamani lazima ibadilishwe. Misimbo 7500 (utekaji), 7600 (redio kuharibika) na 7700 (dharura) hairushwi hewani kwa majaribio. Kabla ya kuzungusha namba za msimbo, swichi ya transponda hurudishwa kwenye hali ya kusubiri.