Maktaba ya Maseno na Maandishi Yanayorudi Nyumbani

Wanaakiolojia wa Ufaransa na Israeli wanalitaja jina la Kombewa bila kujua basi linaloelekea huko hupandiwa wapi. Kwao Kombewa ni mbinu ya kuchonga mawe: mchonga mawe wa kale alibandua kipande kikubwa cha jiwe, kisha akakigonga tena na kubandua kipande kingine kutoka upande ule ule uliobanduka mwanzo, kikatoka kimebenuka pande zote mbili, na makali yake yamezunguka vizuri. Aliyeieleza kwa jina hilo ni Walter Edwin Owen, shemasi mkuu wa Kanisa la Kianglikana katika Kavirondo, kwenye jarida la Man la London, mwaka 1938. Makala yake ilihifadhiwa ng'ambo. Mtu wa Seme, eneo ilimo Kombewa, aliyetaka kuisoma hakuwa na maktaba ya chuo kikuu karibu naye hadi mwaka 1990.

Kiu ya kusoma ilikuwapo zamani. Maseno iko kwenye mstari wa Ikweta, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, na wamisionari wa Kianglikana wa CMS, wakiongozwa na J. J. Willis, walianzisha shule pale mwaka 1906. Haikupita miaka miwili wanafunzi wakagoma. Walitaka kazi za mikono zipunguzwe, masomo ya kitabu yaongezwe. Naupenda mgomo huo wa 1908 kuliko sherehe zote za kufungua majengo, maana unaonyesha kwamba watu wa ufuo huu wa Ziwa Victoria walidai vitabu mapema, wala hawakungoja kugawiwa. Baadaye Serikali nayo ilikuwa na vyuo viwili hapo hapo: Chuo cha Ualimu cha Siriba na Taasisi ya Mafunzo ya Serikali, ambayo wengi bado wanaiita GTI.

Mwaka 1990 vyuo hivyo viwili viliunganishwa vikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Maseno, chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Sababu yake kubwa ilikuwa msongamano. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita na ule wa kwanza wa KCSE wa mfumo wa 8-4-4 vilifanywa mwaka mmoja, 1989, na makundi mawili ya vijana yakabisha hodi vyuoni kwa pamoja. Nchi ilihitaji vitanda, kumbi na meza za kusomea kwa haraka. Chuo kipya kikarithi majengo pamoja na vilivyokuwamo. Lakini vitabu vya chuo cha ualimu humfundisha mtu kufundisha, na vya taasisi ya maafisa wa serikali humfundisha kuendesha ofisi. Havimtoshi anayetafiti magonjwa ya mahindi au uhamiaji wa Wajaluo. Kuanzisha maktaba ya chuo kikuu juu ya urithi huo kulikuwa karibu sawa na kuanza upya.

Na wakati wenyewe ulikuwa mbaya. Mwaka 1991 Serikali ilileta utaratibu wa kuchangia gharama vyuoni, ruzuku zikabanwa, na shilingi ikaporomoka. Majarida ya kitaaluma hulipiwa kwa dola na pauni, kila mwaka, na ukikosa mwaka mmoja unabaki na pengo katikati ya rafu ambalo ni ghali mno kuliziba. Vyuo vya umma vya Kenya viliishi miaka hiyo kwa kutegemea sana misaada ya vitabu kutoka Uingereza na Marekani. Siidharau misaada hiyo. Imewasomesha wengi wetu. Ila kasoro yake ni kwamba aliyechagua kitabu ni yule anayekitoa. Maktaba inaweza kujaa na bado isiwe na kitabu kimoja kinachozungumzia Ghuba ya Winam.

Maseno ilipata hadhi ya chuo kikuu kamili mwaka 2001. Mara baada ya hapo mlango mwingine ulifunguka. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na wachapishaji wakubwa walianzisha mpango wa HINARI, ulioziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba kwa intaneti bure au kwa ada ndogo. Mwaka 2003 maktaba za Kenya ziliunda muungano wao, KLISC, ili zinunue haki ya kusoma majarida kwa pamoja, maana chuo kimoja kikienda peke yake kwa wachapishaji hakina nguvu ya kujadili bei. Tangu hapo habari za vitabu vipya hazikuhusu rafu peke yake. Wakutubi walianza kuwa walimu, wakiwaonyesha wanafunzi namna ya kutafuta makala na kutofautisha jarida la kweli na la matapeli.

Kwa maoni yangu, hata hivyo, kipimo cha maktaba hii ni kile isichoweza kukipata kwa muungano wowote. Mwaka ule ule Owen alipoandika juu ya mawe ya Kombewa, Paul Mboya alitoa Luo Kitgi gi Timbegi, kitabu cha Kidholuo kuhusu mila za Wajaluo. Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem na mwanafunzi wa zamani wa Shule ya Maseno, alitoa mwaka 1967 historia ya Wajaluo wa kusini aliyoijenga juu ya masimulizi ya wazee, wakati wasomi wengi walikuwa bado wanashuku kama mdomo wa mzee ni ushahidi. Yeye na mwanahistoria mwenzake William Ochieng' walirudi kufundisha katika Chuo Kikuu cha Maseno. Kazi za aina hii hutoka katika mashirika madogo: Anyange Press ya Kisumu, ambayo Ogot aliianzisha, na Lake Publishers ya Asenath Bole Odaga, mji huo huo. Mawakala wa vitabu wa London hawana orodha zao. Mkutubi anayetaka vitabu hivyo huvifuata mwenyewe, nakala kwa nakala, na akichelewa vimekwisha. Odaga na Ochieng' walituacha mwaka 2014, Ogot Januari 2025. Nakala zilizouzwa zamani sasa ziko majumbani.

Pamoja na vitabu hivyo kuna tasnifu. Maseno huziweka kwenye hifadhi yake ya kidijitali, na humo ndimo vijiji vyetu vinamotajwa kwa majina: samaki, visima, shule, ndoa, malaria. Malaria hasa. Kituo cha utafiti cha Kombewa kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika vilivyofanya jaribio kubwa la chanjo ya RTS,S kati ya 2009 na 2014, pamoja na Siaya na Kilifi kwa upande wa Kenya. Watoto zaidi ya 15,000 walishiriki. Matokeo ya mwisho yalitoka katika The Lancet mwaka 2015, chanjo ikaanza kutolewa Kenya Septemba 2019 kwa uzinduzi wa Homa Bay, na Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watoto wanaoishi penye maambukizi ya malaria ya kiwango cha wastani hadi cha juu. Wazazi wa Kombewa ndio waliowabeba watoto mpaka kliniki. Haki yao ya kusoma kilichoandikwa kutokana na safari hizo ni kubwa kuliko ya msomi yeyote, na maktaba ya chuo iliyo jirani ndiyo yenye wajibu wa kuwafikishia, ikiwezekana kwa Kidholuo na Kiswahili.

Kwa hiyo, msomaji, kama baba au babu yako alikuwa mwalimu wa Siriba, karani wa kanisa, mweka hazina wa chama cha ushirika au mwanachama wa baraza la wilaya, usichome makaratasi yake wakati wa kusafisha nyumba. Daftari za mikutano, barua, picha zenye majina nyuma, nakala ya kitabu cha Anyange iliyochakaa jalada: mwulize mkutubi wa Maseno kabla hujatupa. Nawe uliyefanya utafiti Seme na kuhitimu, rudisha nakala ya kazi yako, na nyingine iache katika shule uliyokusanyia maelezo.