Kibao, Wala Si Kishikwambi

Baada ya sensa ya Agosti 2022, kompyuta ndogo za skrini ya kugusa walizotumia makarani wa sensa ziligawiwa walimu wa Tanzania, na neno kishikwambi likaingia nazo darasani. Kifaa chenyewe hakina ubaya: mwalimu asiye na maabara anaweza kuwaonyesha wanafunzi vali za moyo zikifunguka na kujifunga. Linalokwaza ni jina. Nusu yake ya kwanza tunaielewa, ni kushika, ingawa chaki nayo hushikwa, na jembe pia. Nusu ya pili, kama inatokana na kuwamba, inatupeleka kwenye ngozi ya ngoma na kamba za kitanda. Kama haitokani na kuwamba, waungwana walioipitisha kikaoni wangetufanyia hisani ya kutuambia inatokana na nini.

Na neno kibao lilikuwapo muda wote. Watoto wa chuo cha Kurani katika pwani yetu waliandikiwa aya kwa wino kwenye ubao wa mti. Aya ikishahifadhiwa, ubao ulioshwa na kuandikwa nyingine, jambo ambalo kioo cha leo hulifanya bila maji. Katika Injili ya Luka ya Kiswahili, Zakaria aliyefungwa ulimi anaomba kibao ili aandike jina la mwanawe. Maandishi ya kale ya Mesopotamia nayo tunasema yapo kwenye vibao vya udongo. Waarabu kifaa hiki wamekiita kwa sifa inayotokana na lawh, ubao uleule wa mwanafunzi wa Kurani, na jina la Kiingereza lina asili katika tabula ya Kilatini, yaani ubao. Wenzetu wote wameishia kwenye ubao. Sisi tukaenda kuwamba ngoma. Sarufi nayo inatusaidia bure: kikubwa cha ukutani ni ubao, kidogo cha mkononi ni kibao, na anayejua udogoshaji wa Kiswahili hahitaji kamusi ili auone undugu wao.

Husemwa kwamba kibao kina maana nyingi mno: kofi, wimbo uliovuma, kiti cha mbuzi ya nazi, hata watu kibao. Hoja hii hutolewa na watu walewale wanaotumia kipanya cha kompyuta bila kuogopa kung'atwa, na bila kukichanganya na kipanya cha kubeba abiria. Mwanafunzi anayeambiwa "washa kibao" hatakinga shavu. Wengine hushikilia kompyuta kibao, nami sina ugomvi nao, ila simu ya mkononi ilishabaki simu tu. Hoja nzito ni moja, kwamba kishikwambi kimeshaenea. Ni kweli kimeenea, kwa waraka na kwa hotuba, lakini neno lililoshushwa kwa waraka linaweza kuondolewa kwa waraka. Matumizi hayana utata: chaji vibao, kibao kimezima, fungueni vibao ukurasa wa tatu.

Kenya iliahidiwa vipakatalishi mwaka 2013. Vilivyoanza kufika darasa la kwanza mwaka 2016 vilikuwa vibao, na wengi wakaviita tableti. Nao wamekosea, lakini angalau hawakujidai kuwa wamesanifu istilahi.