Jirani Alikula Taco Zao, Kisha Akafungua Taco Bell

Taco Bell unaijua, sivyo? Basi stori yake inaanzia jikoni kwa watu wengine.

Mwaka 1937 mama mmoja mhamiaji kutoka Mexico alifungua mgahawa, Mitla Cafe, mjini San Bernardino, California, kando ya ile Route 66. Kilichovuta watu ni taco: chapati ya mahindi inakunjwa, inakaangwa mpaka inakauka, ndani nyama ya kusaga, saladi, nyanya na jibini.

Ng'ambo ya barabara kulikuwa na Mzungu mmoja anauza baga. Kila akichungulia, foleni iko kwa jirani. Akawa anavuka kula, akirudi anajaribu kuiga. Mwishowe wenyewe wakamkaribisha jikoni, wakamwonyesha. Mwaka 1962 jamaa akafungua Taco Bell ya kwanza. Mwaka 1978 akaiuza kwa PepsiCo.

Na familia? Bado ipo palepale, inapika. Halafu ukumbi huohuo ndio Wamexico walikutania kupinga kuzuiwa bwawa la kuogelea la mji, na mwaka 1944 wakashinda mahakamani. Hiyo jirani hakuweza kuvuka nayo barabara.

Ungekuwa wewe, ungemfungulia jiko?