Kabla Hujasema Hujui Gofu, Uliza Hiyo Fimbo Ilitengenezewa Nani

Wasee, leo naanza kwa kukiri kosa. Miaka minne iliyopita nilimwambia dadangu mdogo, mbele ya watoto wengine, aachane na gofu arudi netiboli. Nilikuwa na miaka 17, yeye 13. Alikuwa amehudhuria mafunzo ya watoto kwa miezi kama mitatu, na karibu kila mpira aliopiga ulienda chini chini kisha ukakata kulia. Mimi nikiwa kaka mkubwa, na mjuaji, nikampa uamuzi: "Hii si yako." Aliweka fimbo chini. Hakulia, hakunijibu, na hakurudi tena.

Sasa niwaambie kuhusu hizo fimbo. Mjomba wetu amekuwa kedi zaidi ya miaka 20, yaani kazi yake ni kubebea wachezaji mifuko ya fimbo na kuwaelekeza uwanjani. Mwanachama mmoja alipojinunulia seti mpya, ile ya zamani alimpa mjomba, na mjomba akatuletea. Zilikuwa fimbo za mwanaume mzima, tena mrefu. Dadangu hakuwa mrefu. Nikachukua msumeno wa chuma, nikakata inchi mbili kwa kila fimbo, nikarudisha mpira wa kushikia, nikajiona fundi. Si ndivyo tunavyofanya na suruali ya mtumba? Unaitoa Gikomba, unaipeleka kwa fundi wa cherehani, anakata chini, unavaa.

Lakini fimbo si suruali. Hilo nimelijua mwaka huu tu, na nitawaambia nani alinifunza. Kwanza nataka tupitie historia kidogo, kwa sababu kuna uongo tumeuamini wengi: kwamba kupimiwa fimbo ili ilingane na mwili na mchezo wako ni anasa mpya ya matajiri. Ukweli ni kwamba fimbo zilianza hivyo. Kilichokuja baadaye ni hii tabia ya kumpa kila mtu kitu kimoja halafu kumlaumu kikimkataa.

Twende Uskoti. Mwaka 1457 bunge la mfalme James II lilipiga marufuku gofu na kandanda, kwa sababu vijana walikuwa wanacheza badala ya kufanya mazoezi ya kurusha mishale. Vita na Uingereza vilikuwa vinanukia kila siku, na mfalme alitaka watu wa kulenga shabaha, hakutaka watu wa kufukuza mpira. Halafu angalia maajabu ya binadamu: mwaka 1502 mjukuu wake, James IV, alinunua fimbo za gofu mjini Perth. Daftari la matumizi ya ikulu linaonyesha shilingi 14 zililipwa. Na muuzaji alikuwa nani? Fundi wa pinde. Yule yule ambaye kazi yake ilipaswa kulindwa na ile marufuku.

Haikuwa bahati tu. Fundi wa pinde anajua mti. Anajua upi unapinda na kurudi, upi ukipinda unavunjika, na nguvu kiasi gani inatakiwa kuupinda. Mwaka 1603 James VI alimteua William Mayne, naye fundi wa pinde, kuwa mtengenezaji wa fimbo za mfalme. Kwa hiyo hata ikulu haikununua fimbo dukani kwenye rafu. Ilikuwa na mtu wake.

Karne ya 19, mji wa St Andrews ulikuwa na karakana zenye sifa kubwa. Hugh Philp aliteuliwa kuwa fundi wa chama cha wachezaji wa pale mwaka 1819. Kwenye karakana za aina hiyo mchezaji aliingia, akashika fimbo, akaitikisa, akasema hii nzito, hii ngumu. Fundi alikuwa anaweza kukwangua mpini pole pole mpaka uwe na ulaini unaomfaa huyo aliyesimama mbele yake. Baadaye mti wa hikori kutoka Marekani ukawa ndio mti wa mipini, maana ni mgumu kuvunjika na bado unapinda vizuri. Hakuna mipini miwili ya hikori iliyofanana kabisa, hivyo mchezaji makini alikusanya fimbo zake moja moja, kwa miaka. Bobby Jones alishinda mashindano manne makubwa mwaka 1930 kwa fimbo za hikori alizozichagua kwa namna hiyo.

Si wanajua hili hata nyumbani ushago? Hakuna mtu anayenunua jembe na kukubali mpini wowote. Nyanya yangu alikuwa anasimama na mpini, anaupima na kiuno chake, anakataa miwili mitatu kabla ya kuchagua. Ukimpa wa babu atalima, ndiyo, lakini jioni mgongo utamwambia.

Halafu chuma kikaingia. Marekani iliruhusu mipini ya chuma mwaka 1924, na R&A kule Uskoti ikafuata mwaka 1929. Chuma hakipindi na mvua, hakikauki, na kiwanda kinaweza kutoa maelfu yanayofanana. Kwa mara ya kwanza ukaweza kununua seti nzima iliyopangika, kila fimbo na namba yake badala ya yale majina ya zamani kama mashie na niblick. Sitaki kudanganya, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Fimbo zilipatikana kwa watu wengi zaidi na zikaacha kubadilika kila msimu.

Ila kiwanda lazima kichague kipimo. Na kipimo kilichochaguliwa ni mwanaume wa urefu wa kawaida, mwenye nguvu za kawaida. Wanawake walipewa chao pia, kifupi na chepesi, kama vile wanawake wote ni mtu mmoja. Ukiwa nje ya hapo, ni juu yako kujikunja mpaka utoshee. Mchezaji wa kulipwa bado alikuwa na fundi wake wa kumrekebishia. Wewe na mimi tulipewa rafu ya duka.

Aliyenifurahisha zaidi kwenye hii stori yote anaitwa Karsten Solheim. Alizaliwa Bergen, Norway, mwaka 1911, akapelekwa Marekani akiwa mdogo. Babake alikuwa fundi wa viatu. Karsten aliacha chuo kikuu kwa kukosa pesa wakati uchumi ulipoanguka, akarudi kwenye viatu. Baadaye akawa mhandisi wa kampuni ya General Electric. Gofu alianza akiwa na miaka 42! Wenzake kazini ndio walimwalika. Akaona hawezi kusukuma mpira shimoni, lakini badala ya kusema "sina kipaji" aliiangalia ile fimbo kwa macho ya mhandisi. Mwaka 1959, kwenye gereji ya nyumba yake California, akatengeneza ya kwake, uzito ukiwa umesukumwa kwenye ncha mbili za kichwa ili kisizunguke ukikosea kidogo. Ilitoa mlio kila ilipogonga mpira, na ule mlio ndio ukawa jina: Ping.

Mwaka 1972 kampuni yake ilitoa chati ya rangi. Unapima urefu wako, halafu unapima kutoka kifundo cha mkono hadi sakafuni. Chati inakupa rangi, na fimbo inakuja na nukta ya rangi hiyo kichwani. Nyeusi ni ya kawaida, nyingine zinaonyesha kichwa kimesimama zaidi au kimelala zaidi. Fikiria wepesi wake: futi kamba na dakika mbili, na mtu asiye na fundi wa ikulu anapata fimbo iliyopinda kwa ajili yake. Siwezi kuthibitisha kwamba viatu ndivyo vilimfunza, ila mtoto wa fundi wa viatu lazima anajua kinachotokea ukivaa saizi ya mtu mwingine.

Leo kuna mashine. Kampuni ya TrackMan ya Denmark, iliyoanzishwa mwaka 2003, ilichukua teknolojia ya rada, ile ya kufuatilia vitu vinavyorushwa angani kama makombora, ikaielekeza kwenye mpira wa gofu. Inakwambia kasi ya kichwa, pembe mpira ulivyopaa, jinsi unavyozunguka. Ukiniuliza mimi, hiyo ni fundi wa pinde amerudi, safari hii na kompyuta.

Na Kenya je? Gofu ilifika kwetu na wakoloni. Royal Nairobi ilianza mwaka 1906, na kwa miongo mingi Mwafrika aliingia kwenye viwanja hivyo kama mfanyakazi: anakata nyasi, anabeba mfuko. Watoto wa makedi walijifunza kwa kuangalia, na wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia hapo. Fimbo zao zilikuwa zile zilizotupwa au kutolewa na wenyewe. Yaani vizazi vimejifunza gofu kwa vipimo vya mwili wa bosi. Wale waliofaulu tunawashangilia, na wanastahili. Wale walioacha hatuna hata orodha yao. Tulisema tu hawakuwa na kipaji.

Najua kuna mtu ananitayarishia jina la Seve Ballesteros. Sawa, tuongee. Seve alijifunza na fimbo moja, chuma namba 3, kwenye mchanga wa pwani ya Pedreña huko Hispania, na mwaka 1978 alikuja Nairobi akashinda Kenya Open. Hakuna aliyempima akiwa mtoto. Lakini Seve alikuwa na ufuo wa bure nje ya nyumba na masaa yasiyo na hesabu. Mtoto wa Kayole anayepata saa mbili kwa wiki uwanjani, akisaidiwa na mjomba, hana muda wa kufundisha mwili wake kuizoea fimbo mbaya. Huyo ndiye anayehitaji vipimo kuliko mtu yeyote, na ndiye wa mwisho kuvipata.

Sasa turudi kwa aliyenifunza. Mwaka huu nilimsindikiza mjomba kazini, na nyuma ya banda la makedi kuna mzee anayerekebisha fimbo. Ana jiti la kubania, gundi, tepu, na mzani mdogo. Nilikuwa nimebeba zile fimbo za dadangu nikitaka kuziuza. Mzee akachukua moja, akaitikisa mara mbili, akaniangalia.

"Kijana, hii nani alikata?"

"Ni mimi, mzee."

"Ulikuwa unamkatia nani?"

Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akanieleza pole pole, bila kunidharau, na hapo ndipo nilitamani ardhi ipasuke. Mpini ukiukata unakuwa mgumu zaidi, kwa sababu kipande kilichobaki ni kifupi. Huu ulikuwa tayari mgumu, wa mwanaume anayepiga kwa kasi. Pia kichwa kinaonekana chepesi mkononi, mpigaji hakisikii kiko wapi. Na pembe ya kichwa na ardhi inabadilika, uso wa fimbo unaangalia kwingine. Mtoto wa kasi ndogo akipewa kitu kama hicho, mpira utaenda wapi?

"Chini, halafu kulia," nikasema.

"Umejijibu."

Akanipa kitu ambacho nawapa nyinyi bure. Chora mstari kwa kalamu ya wino unaofutika nyuma ya mpira, uuweke mstari umesimama wima, upige. Angalia alama kwenye uso wa fimbo. Ikiwa imesimama wima, pembe inakufaa. Ikiwa imelala upande, pembe si yako, na fundi anaweza kuipinda kidogo, ingawa si kila chuma kinakubali kupindwa. Sehemu ya kushikia ikiwa nyembamba kwa mkono wako, inaongezwa tepu chini yake. Mpini ukiwa mgumu, unabadilishwa. Hayo yote hayahitaji seti mpya. Na ukikutana na mtu ambaye kila akikupima jibu ni "nunua mpya," huyo anauza, hapimi.

Pia tusidanganyane: fimbo iliyopimwa haitengenezi mtu ambaye hafanyi mazoezi. Inaondoa tu kisingizio, na inaondoa lawama isiyo yako.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba dadangu twende. Alinikatalia mara mbili. Ya tatu alikuja, nadhani kwa sababu mjomba ndiye alimpigia simu. Mzee alimwazima chuma namba 7 chenye mpini laini, urefu wake. Mpira wa kwanza aliukosa kabisa. Wa pili uliruka vibaya. Wa tatu ulipaa juu, ukaenda moja kwa moja, ukaanguka karibu na bango la mita 100.

Hakushangilia. Aliangalia ile fimbo, akaniangalia mimi, akasema, "Kwa hivyo haikuwa mimi."

Sikuwa na jibu. Nimemwomba msamaha, bado anafikiria. Ila Jumamosi iliyopita aliamka kabla yangu, na nilimkuta mlangoni ameshavaa viatu.