Ruzuku ya Pamba na Mwenye Jembe: Marekani, 1933–1939

Maneno riziki na ruzuku yametoka katika shina moja la Kiarabu. Riziki ni kile mtu anachojaliwa apate kuishi. Ruzuku, katika lugha ya utawala, ni fedha ambayo serikali huitoa ili kusaidia kazi fulani. Kwa sababu ya udugu huo, tusikiapo habari za ruzuku ya kilimo hudhani kwamba imemfikia mwenye kulima. Historia ya pamba kusini mwa Marekani yatufundisha vingine.

Mwaka 1932 bei ya pamba ilikuwa chini ya senti 7 kwa ratili. Tarehe 12 Mei 1933 Rais Roosevelt alitia sahihi sheria ya kuwalipa wakulima ili wapunguze mazao, nayo fedha ikatokana na kodi iliyotozwa viwanda vya kusindika. Mwaka huohuo ekari zipatazo milioni 10 za pamba iliyokwisha kuota zililimwa upya na kuangamizwa. Bei ikapanda, ikafika kama senti 10.

Lakini nani alilipwa? Mkataba wa 1934 na 1935 ulitiwa sahihi na mwenye shamba. Kwa ardhi iliyopumzishwa serikali ililipa senti 3.5 kwa kila ratili ambayo ingevunwa, na malipo hayo yalikuwa yake peke yake. Palikuwa pia na fidia ya bei, senti 1 kwa ratili, ambayo aligawana nusu kwa nusu na mkulima asiye na ardhi, yule aliyelima kwa kupewa sehemu ya mavuno. Hivyo, mmoja alipata senti 4 na mwingine nusu senti, nayo mara nyingi ilikatwa kulipia deni la duka la bwana.

Isitoshe, ekari zilipopungua, mikono nayo ilipungukiwa na kazi. Kifungu cha 7 cha mkataba kiliwataka wenye mashamba wabakize idadi ileile ya wapangaji, ila kwa kadiri iwezekanavyo tu. Wanasheria wa idara ya kilimo walipokifasiri kwamba chawalinda watu walewale, si idadi tu, baadhi yao waliachishwa kazi Februari 1935. Tayari, Julai 1934, wakulima weusi na weupe walikuwa wameunda chama chao pamoja karibu na Tyronza, Arkansas.

Januari 1936 Mahakama ya Juu iliitangua sheria ya 1933. Sheria zilizofuata zilimwongezea mpangaji fungu lake. Hapo ndipo lilipo fundisho kubwa: wenye mashamba wengi waliwafukuza wapangaji, wakawaajiri kama vibarua wa kutwa, kwa kuwa kibarua hakuwa na fungu lolote. Januari 1939, katika jimbo la Missouri, zaidi ya watu 1,000 waliofukuzwa walipiga kambi kandokando ya barabara kuu, katika baridi kali, wakiongozwa na mhubiri Owen Whitfield.

Kwa hiyo haitoshi kuuliza fungu la kila mtu ni kiasi gani. Yatupasa kuuliza pia ni nani anayeandikwa kuwa mkulima, na ni nani awezaye kulifuta jina lake. Kusini mwa Marekani, kalamu hiyo ilikuwa mkononi mwa mwenye ardhi.